Namba za wanasesere wangu

Wanasesere wadogo wa plastiki ninaowachagua katika mafungu ya mitumba ya soko la Sabasaba, hapa Dodoma, walipozidi mia mbili, nililazimika kuwaandalia daftari. Kwanza niliwapanga kwa mwaka uliochapwa mwilini, na hapo ndipo nilipokosea: wanasesere wengi wa chapa ya Playmobil wana mwaka 1974 chini ya nyayo, ilhali huo ni mwaka wa haki ya ubunifu wa umbo lenyewe, si wa kutoka kiwandani, hivyo askari wa juzi na mkulima wa zamani wakaonekana kuwa marika.

Sasa nafuata desturi ya makumbusho, yaani mwaka nilipompata, nukta, kisha namba ya mfuatano, kama vile 2024.17, na namba hiyo haibadiliki hata nikigundua baadaye kwamba nilimtambua vibaya. Kimo, rangi, kiungo kilichopotea na bei huandikwa pembeni. Namba naiweka kwenye kikaratasi kilichofungwa kwa uzi, kwa kuwa wino huacha alama kwenye plastiki (gundi nayo hunasa vumbi letu la kiangazi). Kofia na panga zisizo na mwenyewe bado zimo koponi, hazina namba.