Mistari miwili, pumzi 58

Juzi nipo Kibirizi, bandarini hapa Kigoma, nasubiri boti, pale kwenye vurugu za magunia na ndoo za mawese, dada mmoja kanishika mkono. Alinitambua kwa sababu alishawahi kujifungulia zahanati niliyokuwa nafanya kazi, huko mwambao wa kusini. Akatoa karatasi iliyokunjwa mara nne.

"Dokta, huyu mwanangu wamemkuta na malaria mbili, taifodi moja kwa mia na sitini, na UTI kwa mbali."

Huyo mwenye magonjwa matatu alikuwa na miaka kama sita, amekaa juu ya gunia la mihogo anatafuna muwa.

Kwanza mimi ni tabibu, si daktari, ila huku kwetu nimeshaacha kubishana na hilo. Pili, "malaria mbili" ni lugha ambayo nadhani tumeizua sisi wenyewe watu wa vituoni: vijidudu viwili vilivyoonekana kwenye darubini. Mwenye mbili hujiona afadhali kuliko mwenye tano, kama vile ni magoli.

Nikamuuliza: walimfunua shati? Walikuuliza kama anakohoa, kama anakojoa kwa maumivu? Hapana. Alitobolewa kidole, akatolewa damu mkononi, akapewa kikopo cha mkojo, wakasubiri nje. Akatoka na karatasi na sindano za siku saba.

Hiyo "moja kwa mia na sitini" inatokana na kipimo cha Widal, Mfaransa aliyekieleza mwaka 1896. Unachukua majimaji ya damu ya mgonjwa, unachanganya na bakteria wa taifodi waliokufa, unatazama kama wanagandamana hata majimaji yakizimuliwa mara 160. Wakigandamana maana yake mwili una askari wanaowajua bakteria hao. Lakini askari hao wanaweza kuwa wamebaki tangu ugonjwa wa mwaka juzi, au wametokana na ndugu wengine wa bakteria huyo, na malaria yenyewe inaweza kukivuruga kipimo. Ukitaka kumkamata taifodi kweli unaotesha damu maabara uone kama bakteria wanaota, na hata hapo wagonjwa wengi tu wanaponyoka.

Sasa twende kwenye hesabu, maana hapa ndipo watu wanapoibiwa bila mwizi. Kuna utafiti uliochapishwa mwaka 2014, wa watoto 1,005 wenye homa, Dar es Salaam na Ifakara. Walipimwa kila kitu kinachopimika. Malaria ilikuwa kama mmoja katika kila kumi. Taifodi haikufika wanne katika mia. Wengi walikuwa na maambukizi ya njia ya hewa, na sehemu kubwa ni virusi. Basi chukua watoto mia wa namna hiyo, wanne wana taifodi. Tuseme kipimo chako kinawakamata wote wanne, na katika wale 96 waliobaki kinamsingizia mmoja tu kwa kila kumi. Utatoa karatasi kama 14 za taifodi, na kumi kati yake ni za uongo. Hapo maabara haijakosea kitu. Aliyekosea ni aliyeagiza kipimo kwa kila anayeingia mlangoni.

Na malaria nayo tuliipa kila homa kwa miaka mingi. Mwaka 2004 watafiti walitoa matokeo ya hospitali kumi za kaskazini mashariki mwa Tanzania: kati ya wagonjwa 4,474 waliolazwa kwa malaria kali, waliokutwa na vijidudu hawakufika nusu. Mwaka 2010 Shirika la Afya Duniani likasema pima kwanza, ndipo utoe dawa, kwa kila umri.

Mimi niliusoma mwongozo huo nikaushika vizuri. Niliushika vibaya, tuseme ukweli. Kigoma si Moshi, ambako malaria ni chache. Uchunguzi wa kitaifa wa mwaka 2017 ulikuta malaria kwa watoto 24 katika kila mia wa chini ya miaka mitano mkoani kwetu, wakati wastani wa nchi ulikuwa 7. Mahali kama hapa kijidudu kinaweza kuwa mpangaji tu kwenye damu, na homa imeletwa na mwingine. Tena kipimo cha haraka kinasoma protini ambayo hubaki wiki kadhaa baada ya malaria kupona.

Miaka saba iliyopita bibi mmoja aliniletea mjukuu wa miezi kumi, wa moto. Nje foleni imefika mwembeni. Nikamtoboa mtoto, nikasubiri dakika 15, mistari miwili ikatokea: malaria ipo. Nikaandika mseto, dawa ya malaria, nikaita anayefuata. Siku ya tatu alfajiri bibi akarudi, mtoto kifua kinabonyea kila anapovuta hewa. Nikahesabu: pumzi 58 kwa dakika. Kwa umri ule 50 tayari ni nimonia. Oksijeni hatukuwa nayo. Tukamwanzishia sindano, tukatafuta mtumbwi wa mashine, na nashukuru Mungu mtoto alipona. Ila bibi alisema neno wakati tunasubiri mafuta ya injini: "Mwanangu, siku ile nilikwambia anakohoa."

Alikuwa ameniambia. Baada ya ile mistari miwili sikusikia kitu kingine.

Mwongozo wa kutibu watoto wagonjwa ulikuwa mezani pale pale, chini ya kioo, umepauka kwa jua. Haukusema ukipata malaria basi umemaliza. Unasema uulize kikohozi kwa kila mtoto, uhesabu pumzi dakika nzima. Namba zile hazikutoka hewani: miaka ya 1980 watafiti huko Papua New Guinea walikaa na watoto wanaokohoa, wakatafuta dalili ambayo mhudumu asiye na mashine ya eksirei anaweza kuitumia. Wakapata kuhesabu. Ni kazi ngumu kuliko inavyosikika: mama apandishe shati, mtoto atulie, ukifika 31 analia, unaanza upya. Siku ya wagonjwa sitini, dakika moja ni ndefu sana.

Yule dada nilimwambia mseto aumalizie, na hizo sindano arudi akamuulize aliyeandika ni kwa dalili ipi. Kisha nikachuchumaa mbele ya gunia, nikamwomba mtoto aache muwa kidogo, nikatazama tumbo lake huku nimeshika simu. Pumzi 24, kawaida kwa umri wake. Mama alikuwa kimya muda wote.

"Na hiyo ya kuhesabu," akauliza, mkono umeshaingia kwenye pindo la kitenge, "ni shilingi ngapi?"