Siku moja maishani mwangu: kuivalisha Hilux rimu za inchi 20

Saa 12:15 asubuhi

Niko kwenye mwendokasi kutoka Kimara, nimesimama, begi la kazi miguuni. Nashuka Shekilango na kukata kwa miguu kuelekea Sinza, na njia nzima macho yangu yako chini kwenye magurudumu ya watu. Harrier ile imekula matairi upande wa ndani, haijaona alaimenti (kunyooshwa magurudumu) siku nyingi. Noah ile imepungua naati moja. Mke wangu alishachoka kunisema.

Mimi ni fundi wa rimu na matairi. Ukisema hivyo watu wanakuona mziba pancha. Pancha naziba, ila kodi ya fremu inalipwa na wenye pikapu wanaotaka gari lisimame kifua mbele.

Saa 1 asubuhi

Dogo, msaidizi wangu, ameshafungua, kompresa inajaza. Hilux ya leo ililala kwetu, maana jana tuliinyanyua inchi 2 kwa springi na shokapu mpya. Mwenyewe ni kijana wa mazao, anatoa mpunga na vitunguu upande wa Kilosa. Mara ya kwanza alinijia na picha kwenye simu: pikapu ya Marekani, rimu za inchi 20 zenye upana wa inchi 12, ofseti -44 (milimita za uso wa kufungia kutoka katikati ya rimu, ikipungua gurudumu linatoka nje), pua juu mkia chini. Nikamwambia huo mtindo wa kunyanyua pua, jimbo la North Carolina waliupiga marufuku 2021, mbele ikizidi nyuma kwa inchi 4 una kesi. Akacheka. "Fundi, hapa ni Sinza."

Basi nikachukua kalamu. Rimu yake ya kiwandani ni inchi 17 kwa upana wa 7.5, ofseti +30. Ile ya kwenye picha ingetoka nje sentimita 13 zaidi, kila upande. Kumi na tatu! Nikamchorea kwenye boksi la spea, kisha nikamshikia futi pembeni ya gari lake aone inaishia wapi. Alinyamaza kidogo. Tukaendelea kubishana kwa sauti za WhatsApp hadi tukakutana kwenye 20 kwa 9, ofseti 0, inayotoka nje sentimita 5 hivi, na tairi 33x12.50R20, yaani kimo inchi 33, upana 12.5, rimu ya 20.

Kwa njia za mashambani ningemfungia rimu za 17 zenye tairi 285/70 na kulala usingizi. Ukuta wa tairi ile una karibu sentimita 20, wa hii ni 16 na nusu, na ukuta ndio unaopokea shimo kabla rimu haijalionja. Lakini pesa ni yake, gari lake.

Saa 2 asubuhi

Kabla jeki haijagusa gari, napima kutoka katikati ya habu (kitovu ambapo gurudumu linafungwa) hadi ukingo wa fenda, pembe zote nne, naandika kwenye utepe wa karatasi na kuubandika kioo cha mbele. Kushoto mbele kumeshuka milimita 6 kuliko kulia. Kawaida, ila mteja akija kesho kutwa kusema gari limelala upande, utepe nimeshaupiga picha.

Magurudumu ya zamani yanatoka. Uso wa habu unasuguliwa kwa brashi la waya hadi chuma king'ae, kwa sababu chembe ya kutu ikibaki pale gurudumu linakaa upande, halafu lawama inakwenda kwa balansi, kule kusawazisha uzito wa gurudumu.

Kisha naati, na hapa huwa sina utani. Rimu za aloi za kiwandani za gari hili zinafungwa kwa naati zenye washa bapa. Rimu nyingi za kununua dukani, na hizi zimo, zina matundu ambayo naati inakalia kwa umbo la koni. Ukirudisha naati bapa kwenye koni, inagusa ukingo tu. Leo imekaza, baada ya mashimo ya wiki moja inacheza, na siku nyingine gurudumu linakupita barabarani. Nimeweka naati mpya 24 za koni, uzi wa milimita 12 kwa 1.5. Ya kwanza kwenye kila habu naizungusha kwa vidole nikihesabu. Isiposhika mizunguko 8 kamili kwenye stadi (bolti zinazotoka kwenye habu), rimu hiyo haiondoki hapa. Hizi zimeshika 9.

Tundu la kati la rimu ni milimita 110, habu ya Hilux ni 106.1, kwa hiyo ndani inaingia ringi ya plastiki ya kujaza pengo ili gurudumu likae katikati. Na mgongoni mwa rimu natafuta maandishi: alama ya JWL-T, ya magari ya mizigo, na uzito inaoweza kubeba. Yapo. Rimu isiyo na maandishi yoyote mgongoni naomba mwenyewe aipeleke kwa fundi mwingine.

Saa 4 asubuhi

Matairi. Dogo anasoma tarakimu nne za mwisho za namba ya DOT ubavuni mwa tairi, wiki na mwaka wa kutengenezwa, kabla hatujapaka sabuni. Yote manne ya mwaka mmoja. Tairi linapandishwa kwa maji ya sabuni na upepo, linalia mara mbili likikaa kwenye rimu, PSI 40 sivuki. Wako wanaomwagia petroli na kuwasha kiberiti. Wana nyusi kwa bahati.

Balansi ndiyo iliyotula muda. Gurudumu moja mashine ilidai gramu 140 upande wa ndani. Ukizibandika tu gari litatulia, lakini ni vipande vingi mno vya uzito kwenye rimu mpya. Tukatoa upepo, tukalizungusha tairi nusu duara juu ya rimu, tukajaza tena. Gramu 60. Dogo akataka kujua kwa nini. Kwa sababu tairi lina upande wake mzito na rimu ina wake, na mwanzo zilikuwa zimekutana sehemu moja.

Gurudumu zima sasa lina zaidi ya kilo 40. Tunalinyanyua wawili.

Saa 5:30 asubuhi

Mzee mmoja ameingia na Hilux yake.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Mwanangu, nimepata rimu za Ranger, bei ya kutupa. Nazo ni matundu sita kama zangu."

Ni kweli, matundu sita, kwenye duara lile lile la milimita 139.7. Nikampeleka kwenye Hilux yake, nikatoa kifuniko cha kati, nikamsogezea rimu aone kwa macho yake. Tundu la kati la Ranger ni 93.1. Habu yake 106.1. Haiingii hata ukiisomea dua. Akauliza kama naweza kuichonga. Yupo wa mashine ya kukereza anayeweza, ila gharama itameza ile bei ya kutupa. Akaondoka na rimu zake nyuma ya gari, hakufurahi, ila alimwachia dogo shilingi 500.

Saa 7 mchana

Wali maharage kwa mama, na embe. Nimekula nimesimama.

Saa 8 mchana

Sasa kazi yenyewe. Kuingiza gurudumu kwenye stadi ni dakika kumi. Kujua kama litaishi pale ndiyo siku nzima.

Ndani, kwenye mkono wa juu na shokapu, kuna nafasi kuliko mwanzo, maana rimu imesogea nje. Taabu yote iko nje: tairi likikata kona sasa linachora duara kubwa, mbele linatafuta bampa, nyuma linatafuta mshono wa bati chini ya mlango. Napaka mabega ya matairi chaki nyeupe, nene. Dogo anakata usukani mpaka mwisho kulia, anakwenda mbele, anarudi nyuma, anakata kushoto, tena. Halafu gurudumu moja la mbele linapanda gogo ili springi ibonyee, tunarudia. Gari likiwa limesimama tambarare kila rimu inaonekana imekaa. Nimeona watu wakipiga picha, wakilipa na kuondoka, tairi likaanza kunguruma kwenye tuta la kwanza.

Chaki ilituonyesha sehemu tatu: kona ya ndani ya bampa kulia na kushoto, na mshono wa bati upande wa kushoto, mstari wa urefu wa kidole. Plastiki ya ndani ya fenda niliipasha kwa hita ikalainika, nikaisukuma nyuma na kuifunga. Bampa lilihitaji grainda. Hapo ndipo mwenye gari akatokea.

"Fundi! Unalikata gari langu?"

"Nakata plastiki bosi, sentimita mbili. Tusipokata sisi, tairi litakata lenyewe, na lenyewe halifuati mstari."

Akageuka kuangalia kwingine hadi kelele ziishe. Mshono tuliulaza kwa nyundo, tukaupaka rangi ya kutu mara mbili, kwa sababu bati lililo uchi halikai na upepo wa chumvi wa mji huu. Kupima nyuma tukawaita vijana wa bodaboda wa kona wapande bodi na kuruka. Walipanda wengi kuliko tuliowaita. Chaki ya nyuma haikugusa kitu.

Saa 10 jioni

Alaimenti. Kwenye mkono wa chini wa Hilux kuna bolti za kamu, nikazitumia kusogeza gurudumu mbele kidogo, kasta (mlalo wa mhimili wa usukani) ikaongezeka na ule mshono ukapata nafasi zaidi. Naati nakaza gari likiwa limekanyaga chini, kwa kupishana, spana ya kupima kwenye Nm 110. Spana ya upepo ni ya kufungulia tu. Ukiifungia nayo utanyoosha stadi bila kujua.

Halafu nikamkalisha bosi. Tairi hili ni kubwa kuliko lile la kiwandani, 265/65R17, kwa kama asilimia 8: dashibodi ikisema 50, tochi ya trafiki itasoma 54. Breki zitachelewa, mafuta yatapanda, beringi na boli joint zitachoka mapema. Upepo PSI 38, akiwa na mzigo 45 nyuma. Tairi la spea limebaki la zamani kwa sababu jipya haliingii chini ya bodi. Akilifunga asiweke 4x4 kwenye lami na asiende nalo mbali. Na akifika Chalinze asimame, aache rimu zipoe, akaze tena naati zote. Nimemwazima spana. Alikuwa anaitikia huku anajipiga picha na gari.

Saa 2:40 usiku

Nyumbani, sahani mkononi, ujumbe kutoka Chalinze: naati moja ya nyuma kulia imekubali robo mzunguko, nyingine zimekataa. Vizuri. Chini yake kuna namba nisiyoijua, rafiki yake, na picha ya Ranger: "Fundi, mnaweka 22?"

Nimemjibu aje kwanza na gari, rimu asinunue.