Kumbukumbu ya mradi: kadherini kwa maboya ya Mwaloni

Jumamosi. Maboya yamepatikana! Mwaloni Kirumba, soko la samaki la Mwanza, nimepewa kumi, ya nyavu zilizochakaa, nilipoeleza kwamba nataka kuunda mfano wa kadherini, protini inayoshikanisha seli. Mzee aliyekuwa akishona wavu akaniuliza, "Sasa mwanangu, hiyo inavua nini?" Nikamwambia haivui, inazuia: ikilegea, seli ya kansa inatoka ilipozaliwa. Akanyoosha wavu wake. "Basi ni fundo hilo. Likifunguka moja hujali. Yakifunguka mengi, sangara huyo kaenda."

Nafanya haya kwa sababu ya Zawadi, mbwa wetu. Uvimbe kwenye titi lake tuliuona ukiwa kama harage, tukangoja. Daktari wa mifugo alikuja mbwa akiwa tayari anahema kwa shida. Bado naumia nikikumbuka.

Jumapili. Nimetunga maboya 5 kwenye kamba, kwa sababu sehemu ya E-kadherini, aina mojawapo ya kadherini, iliyo nje ya seli ina vipande 5. Kamba tupu ikaning'inia tu, haishiki kitu. Hapo ndipo kalsiamu inapoingia: kwenye kila kiungo kati ya vipande hukaa chembe 3 zake, na viungo ni 4. Nikachomeka njiti 12 badala ya kalsiamu, kamba ikasimama wima na ncha yake ikafika kwenye kulabu ya kamba ya pili. Nikachomoa njiti, zikaachana. Nilirudia mara nyingi, watoto wa jirani wakitazama. Mjapani Masatoshi Takeichi alionyesha mwaka 1977 kwamba seli zina namna ya kushikana inayohitaji kalsiamu. Mimi leo nimeigusa kwa vidole.

Jumatano, usiku, umeme umerudi. Upande wa ndani ni mgumu zaidi. Mkia wa kadherini unashikwa na protini nyingine, katenini-beta, nayo kupitia mwenzake katenini-alfa inafungwa kwenye nyuzi za aktini, mifupa ya seli. Nimetumia kipande cha raba ya ndala kwa katenini-beta, kwa kuwa lazima iweze kubanduka: ikiachwa huru inaweza kuingia kwenye kiini na kuwasha jeni za kuongeza seli.

Katika uvimbe wa matiti ya mbwa, ule usio kansa kwa kawaida huwa na E-kadherini ya kutosha kwenye kuta za seli. Kwenye kansa inayopenya nyama za jirani na kufika kwenye mitoki, mara nyingi hupungua au kupotea. Ila si sheria ya kila kansa. Kwa wanawake, kansa ya titi inayolifanya lote liwe jekundu na kuvimba mara nyingi hubaki na E-kadherini, na seli husafiri kwa vikundi. Kwa hiyo mfano wangu unahitaji kamba za tatu na nne, zinazoondoka pamoja zikiwa zimeshikana.

Jirani wa Nyakato ameniita nimpapase mbwa wake, jike wa miaka 8. Kuna kidonge kwenye titi la nyuma, kama punje ya hindi. Nimemwambia asingoje. Kesho asubuhi tunampeleka akakatwe, na nimeomba kipande kitiwe kwenye formalini, dawa ya kukihifadhi kisioze.