Hisa Moja

Cheti kilinifikia kwa posta mwezi Machi mwaka 1986. Kilikuwa karatasi nene yenye nakshi pembeni mithili ya noti, na katikati, mahali ambapo wenzangu wenye nazo huandikiwa maelfu, palisomeka kwamba mimi ni mmiliki wa hisa moja. Nilikuwa mwanafunzi mjini London, wala sikuwa na ndoto ya kutajirika kwa njia hiyo. Kikundi chetu cha kupinga ubaguzi wa rangi kilikuwa kimenunua hisa chache za benki moja kubwa iliyokuwa ikiikopesha Afrika Kusini, kisha tukagawana mojamoja, kwa kuwa mwenye hisa moja alikuwa na haki ya kuingia katika mkutano mkuu wa mwaka, kuketi na kuuliza swali sawasawa na mwenye hisa milioni.

Mpaka wakati huo mimi nilikuwa mtu wa barabarani. Nilikuwa nimebeba mabango nje ya matawi ya benki, nimegawa vipeperushi, nimeimba mbele ya ubalozi wa Afrika Kusini pale Trafalgar Square, ambako mwezi Aprili mwaka huo wenzetu walianza kusimama usiku na mchana na wasiondoke hadi mwaka 1990. Kazi ile ilikuwa na raha yake, nakiri. Mtu hurudi kulala sauti imemkauka na moyo umeridhika. Kuingia ndani, tena kwa koti la kuazima, kulinitia hofu ambayo askari wa barabarani hawakuwahi kunitia.

Aliyetuandaa alikuwa mkimbizi kutoka Afrika Kusini, mtu mzima, mpole, aliyeijua lugha ya mahesabu kuliko sisi sote. Nilimpelekea hotuba niliyoikesha usiku kucha nikiiandika. Ilianza na watu 69 waliouawa Sharpeville tarehe 21 Machi 1960, ikaja hadi Langa, Uitenhage, ambako tarehe hiyohiyo mwaka 1985 polisi waliufyatulia risasi msafara wa watu waliokuwa wakienda mazikoni. Aliisoma taratibu, akaikunja, akanirudishia.

“Haya yote wameyasikia, mdogo wangu,” alisema. “Waulize watalipwa lini.”

Nilidhani ananidhihaki. Ikabidi anieleze, na maelezo yale ndiyo yaliyobadilisha namna nilivyoyaelewa mapambano yetu. Sehemu kubwa ya deni la nje la Afrika Kusini ilikuwa mikopo ya muda mfupi, ambayo siku ya kulipa ikifika mabenki huongeza muda tu, na mchezo ukaendelea. Serikali ya P. W. Botha ilikuwa imetangaza hali ya hatari mwezi Julai mwaka 1985 katika wilaya kadhaa, na kabla ya mwezi huo kwisha Chase Manhattan ya Marekani ikakataa kuongeza muda: ilitaka fedha zake. Wengine wakafuata kwa hofu ya kubaki nyuma mlangoni. Tarehe 15 Agosti Botha alihutubia mjini Durban, na dunia iliyokuwa ikisubiri mageuzi ikaambulia ukaidi. Thamani ya randi ikaporomoka, na tarehe 1 Septemba Afrika Kusini ikasimamisha malipo ya sehemu kubwa ya deni hilo. Mapema mwaka 1986 mabenki yalifikia makubaliano ya muda na Pretoria kwa upatanishi wa Fritz Leutwiler, aliyekuwa mkuu wa benki kuu ya Uswisi. Kwa maneno mengine, alisema mwalimu wangu, wale waheshimiwa utakaowakuta jukwaani wamemkopesha mtu aliyefunga mlango, na wenye fedha hawajaambiwa vizuri.

Ukumbi ulijaa wazee. Mwenyekiti wa bodi alisoma taarifa yake kwa muda mrefu, faida imepanda, gawio limepanda, na neno Afrika Kusini likapita haraka kama mtu anayekatiza uani kwa jirani. Ulipofika wakati wa maswali, mwenzetu mmoja alisimama akapaza sauti kuhusu damu na mikono ya wakurugenzi. Alizomewa. Mama mmoja mwenye nywele nyeupe, safu ya mbele yangu, alimwambia aketi, na wahudumu wawili wakamtoa nje kwa upole unaoudhi kuliko kusukumwa.

Kisha kipaza sauti kikaja kwangu. Nilisoma swali langu huku karatasi ikinitetemeka mkononi: katika madeni yaliyozuiwa Afrika Kusini, fedha zetu ni kiasi gani, mtaji wenyewe utarudishwa tarehe ipi, na katika hesabu za mwaka tumetenga kiasi gani endapo hautarudi. Nilisema “fedha zetu”. Nilikuwa nimefundishwa kusema hivyo, lakini neno lilinikwama kooni.

Mwenyekiti alianza na jibu alilokuwa nalo tayari, kwamba benki ikiondoka watakaoumia ni Waafrika wenyewe, na kwamba mabadiliko huletwa na aliyebaki ndani. Hoja hiyo Albert Luthuli, aliyekuwa kiongozi wa chama cha ANC cha Afrika Kusini, alikuwa ameijibu muda mrefu kabla ya siku ile, aliposema kwamba kususia uchumi kutawaumiza Waafrika bila shaka, lakini wako tayari kuyalipia mateso hayo iwapo yatafupisha siku za umwagaji damu. Ila mimi sikuwa nimeuliza hilo, na safari hii ukumbi uliligundua. Mtu mmoja nyuma alisema kwa sauti, “Jibu swali.” Mwenyekiti akageuka, mnong’ono ukapita kati ya wakurugenzi, makaratasi yakafunuliwa. Hatimaye akasema kwamba benki haina desturi ya kutangaza takwimu za nchi mojamoja. Manung’uniko yaliyofuata hayakuwa yetu. Sisi tulikuwa wachache mno kuweza kunung’unika kwa kiasi kile.

Kura tulishindwa vibaya. Mwaka huo haukwisha kabla General Motors, IBM na Barclays hazijatangaza kujiondoa Afrika Kusini, na Bunge la Marekani likapitisha vikwazo licha ya Rais Reagan kuvipinga. Siwezi kudai kwamba swali langu lilichangia hata chembe. Kilichonisumbua jioni ile kilikuwa kingine: nilikuwa nimesimama mbele ya watu wale nikazungumzia Afrika Kusini bila kumtaja maiti hata mmoja, na ndiyo maana walinisikiliza.

Nilikuwa kwenye foleni ya kuchukua makoti yule mama mwenye nywele nyeupe aliponigusa kiwiko.

“Kijana,” aliniuliza, “ina maana hawajui watalipwa lini?”

Nilimwambia hawajui, au hawasemi. Akaomba aione ile karatasi niliyoisoma. Nilimpa bila kufikiri, maana nilikuwa nimeandika swali nyuma ya ukurasa wa kwanza wa hotuba yangu iliyokataliwa. Akavaa miwani, akasoma swali lote, midomo ikimchezacheza kwenye tarakimu. Kisha akaigeuza.