Ua langu la popi

Leo nimelifuta vumbi ua langu la popi, ua jekundu ambalo Waingereza hulitumia kuwakumbuka waliokufa vitani, nikakumbuka ile Novemba ya 2014 pale Tower of London, ngome ya kale jijini London. Handaki lote la ngome lilikuwa jekundu! Maua 888,246 ya kauri, moja kwa kila mwanajeshi wa Uingereza na makoloni yake aliyekufa katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Msanii Paul Cummins na mafundi wake waliyatengeneza kwa mkono, Tom Piper akayapanga yabubujike kutoka dirishani kama damu.

Yaliuzwa pauni 25 kila moja kusaidia mashirika sita yanayohudumia wanajeshi na familia zao. Petali moja ya langu imekunjika ukingoni, na ukiipapasa unahisi kama kidole cha aliyeifinyanga bado kipo. Nalipenda kwa hilo.

Siku ile nilimwaza babu yake mama, aliyechukuliwa kubeba mizigo ya jeshi asirudi. Wapagazi kama yeye walikufa kwa makumi ya maelfu, kwa malaria, kuhara na njaa, wengi bila kaburi. Kariakoo yetu imepata jina kutokana na kikosi chao, Carrier Corps.

Ua nimelirudisha kando ya picha ya bibi.