Magadi, Jivu na Barabara ya Olorgesailie: Wanayojifunza Wanafunzi wa Gredi ya 7 Wiki Hii

Wiki hii wanafunzi wa Gredi ya 7 ninaowafundisha hapa Nairobi wameingia katika mada ya asidi, besi na viashirio katika somo la Sayansi Jumuishi. Juma hili hili mwenzangu wa Masomo ya Jamii amefika kwenye asili ya binadamu, Hisabati iko kwenye faida na hasara, na Kilimo kimeanza kueleza namna ya kuhifadhi virutubishi vya chakula wakati wa kupika. Wazazi kadhaa wameniuliza, baadhi kwa ujumbe wa simu na wengine langoni, mtoto anajifunza nini hasa, kwa maana madaftari anayorudi nayo nyumbani hayafanani na waliyokuwa nayo wao katika mfumo wa zamani wa elimu wa 8-4-4. Ni swali la haki. Ninalijibu kwa kirefu kwa sababu naamini kwamba mzazi anayeijua mada ya wiki humsaidia mwanawe kuliko anayemnunulia kitabu cha tatu cha marudio, na kwa sababu karibu kila kitu kinachohitajika kwa masomo ya wiki hii tayari kimo jikoni mwenu.

Kwa wasioufahamu vizuri mpangilio huu, Gredi ya 7, 8 na 9 ndiyo ngazi iliyoanza mwaka 2023 chini ya mtaala wa umilisi, na serikali iliamua iwekwe katika shule za msingi badala ya shule za upili. Mwaka 2024 idadi ya masomo ilipunguzwa hadi 9, na mengine yakaunganishwa. Mimi nauunga mkono uamuzi huo wa kuwabakiza watoto hawa wa miaka kumi na miwili karibu na nyumbani. Hata hivyo, ulituachia tatizo ambalo kila mwalimu wa sayansi analijua: shule nyingi za msingi zilijengwa bila maabara, na mtu hawezi kufundisha asidi kwa kuichora ubaoni. Tena, fizikia, kemia na biolojia sasa ni somo moja, ilhali wengi wetu tulisomea ualimu wa masomo mawili tu, na tunalazimika kusoma usiku yale tutakayoyafundisha asubuhi. Ndiyo sababu nimejizoeza kuanza na vitu ambavyo watoto wanavijua kwa macho, kwa pua na kwa mikono kabla ya kufika kwenye majina yake ya kitaalamu.

Tulianza na kabichi ya zambarau. Inapatikana katika masoko mengi ya jiji, na nusu yake inatosha darasa zima. Majani hukatwakatwa, yakamwagiwa maji ya moto, yakaachwa hadi maji yawe ya zambarau iliyokolea, kisha yakachujwa. Maji hayo ndiyo kiashirio, yaani kitu kinachobadilika rangi kikikutana na asidi au besi. Tuliyagawa katika vikombe vilivyokatwa kutoka kwenye chupa za maji, lakini kabla ya kutia chochote nilimtaka kila mwanafunzi aandike ubashiri wake: ndimu itafanya nini, siki itafanya nini, maziwa lala, sabuni ya kufulia, maji ya bomba, maji ya sukari, na magadi yale yanayotiwa kwenye maharagwe. Nasisitiza ubashiri huo kwa sababu mtoto aliyeandika kwamba sukari itageuza rangi, kisha akaona haikugeuza, hujifunza jambo ambalo mtoto aliyeambiwa tu kwamba sukari si asidi wala besi hawezi kulipata.

Ndimu na siki ziliyafanya maji kuwa mekundu ya waridi. Maziwa lala yaliyafanya hivyo pia, ila kwa upole zaidi. Sabuni na magadi ziliyapeleka upande wa buluu na kijani. Wanafunzi wengi waliamini kwamba asidi ni kile kimiminika cha betri za magari kinachochoma ngozi, na wakashangaa kujua kwamba nyanya ya kachumbari ina asidi, na kwamba tumbo la kila mmoja wao lina asidi kali kuliko ndimu. Hapo ndipo kipimo cha pH kinapopata maana. Kinaanzia 0 hadi 14, katikati ni 7, na kadiri unavyoshuka chini ya 7 ndivyo asidi inavyozidi nguvu, na kadiri unavyopanda juu ya 7 ndivyo besi, kinyume cha asidi, inavyozidi nguvu.

Kitu kilichowavuta zaidi ni kuipunguza nguvu besi kwa asidi. Ukichukua kikombe chenye magadi, ambacho kimekwisha kuwa kijani, ukaanza kukidondoshea maji ya ndimu polepole, povu hupanda, kwa kuwa gesi ya kaboni dioksidi inatoka, na rangi hurudi nyuma hatua kwa hatua: kijani, buluu, zambarau, kisha waridi. Mtoto anaiona besi ikipungua nguvu mbele ya macho yake, na anaweza kuhesabu matone. Kutoka hapo si vigumu kumweleza kwa nini vidonge vya kiungulia hutuliza tumbo, au kwa nini mkulima wa magharibi mwa Kenya ambaye shamba lake limekuwa na asidi nyingi hushauriwa kumwaga chokaa kabla ya kupanda mahindi. Mbolea ya DAP, ambayo wazee wetu wengi wameitumia kwa miaka mingi, ni mojawapo ya mambo yanayoongeza asidi hiyo, na wanafunzi wenye mashamba mashambani waliondoka na swali la kumpigia babu simu.

Hapo ndipo mjadala ulipohamia kwenye jivu. Baadhi ya watoto wana nyanya zao Kakamega na Vihiga, na walieleza jinsi jivu la maganda na mabua ya maharagwe linavyowekwa kwenye chombo chenye matundu, likamiminiwa maji, na yale yanayochujika yakapikiwa mrenda ili ulainike. Hiyo ni kemia kamili. Maji yaliyopita kwenye jivu hubeba chumvi za potasiamu ambazo ni besi, na besi hulegeza kuta za seli za mboga, kama vile magadi yanavyofanya maharagwe na mahindi ya githeri yaive upesi. Nilifurahi sana kuwaona watoto ambao kwa kawaida hukaa kimya nyuma ya darasa wakawa ndio wanaowaeleza wenzao. Ujuzi wa nyanya zao ulikuwa umeingia katika somo la sayansi kwa heshima yake kamili, kama ushahidi unaoweza kupimwa.

Mwalimu wa Kilimo naye alikuwa na upande wa pili wa habari hiyo hiyo. Besi inayolainisha maharagwe huharibu pia vitamini B1, hivyo magadi mengi yanaokoa makaa lakini yanapunguza lishe. Somo lao la wiki hii linasema mboga ioshwe kabla ya kukatwa, kwa sababu vitamini C huyeyuka katika maji na kupotea pale tunapoikata sukuma wiki nyembamba kisha tukaisuuza, na kwamba ipikwe kwa muda mfupi. Mama mboga wengi wa mitaa yetu hukukatia sukuma papo hapo. Nunua ikiwa majani mazima, ioshe, kisha mwachie mtoto aikate. Hilo ni zoezi la nyumbani lisilogharimu hata senti.

Sasa nije kwenye Masomo ya Jamii, kwa maana huko ndiko nilikoona jambo ambalo ningependa kila mzazi aliye na ramani ya Kenya alijaribu jioni moja. Wanafunzi walianza na masimulizi ya jadi ya asili ya binadamu, kila jamii na lake, likiwemo la Gĩkũyũ na Mũmbi na mabinti zao, kisha wakaingia kwenye ushahidi wa kisayansi. Kenya ina ushahidi ambao dunia nzima huja kuutazama. Mwaka 1984, huko Nariokotome, magharibi mwa Ziwa Turkana, Kamoya Kimeu, Mkenya aliyekuwa na jicho lisilo na mfano la kutambua visukuku, aliona kipande kidogo cha mfupa wa fuvu juu ya changarawe. Uchimbaji uliofuata ulitoa karibu kiunzi kizima cha mvulana aliyeishi yapata miaka milioni 1.5 iliyopita, na mabaki hayo yamehifadhiwa katika Makavazi ya Taifa hapa hapa Nairobi. Niliomba jina la Kamoya Kimeu liandikwe ubaoni kwa herufi kubwa. Watoto wa Nairobi wanapaswa kumjua kama wanavyowajua wanariadha wetu.

Wakati wanafunzi wakijaza ramani zao, mmoja aligundua kwamba barabara ya Magadi, ile inayopita Kiserian na kuteremka nyuma ya vilima vya Ngong kuelekea Bonde la Ufa, inapitia Olorgesailie, ambako watafiti walipata mashoka ya mkono ya mawe kwa wingi katika miaka ya 1940, kabla ya kuishia kwenye Ziwa Magadi lenyewe. Yaani barabara moja ya kaunti jirani ya Kajiado inabeba masomo mawili ya wiki hii. Nililazimika kuomba dakika kumi katika kipindi cha mwenzangu ili nieleze kwa nini ziwa hilo lina magadi: chemchemi za moto hupita katika miamba ya volkeno zikibeba chumvi za sodiamu, maji hayana mto wa kutokea, jua la bondeni huyakausha, na chumvi hubaki na kuganda. Kampuni ya kuvuna magadi hayo ilianzishwa mwaka 1911, na sehemu ya bidhaa hiyo hutumika kutengeneza vioo. Hii ndiyo faida ya kuunganisha masomo, ikiwa walimu tutakubali kuingiliana katika vipindi badala ya kila mmoja kulinda dakika zake 40.

Hisabati nitaipitia kwa haraka. Wanafunzi walipewa hesabu ya mfanyabiashara aliyenunua kreti la nyanya kwa shilingi 4,500, akalipa shilingi 300 za usafiri, akauza zote kwa shilingi 6,000. Waliosahau usafiri walipata faida ya shilingi 1,500, ambayo ni theluthi ya gharama. Waliokumbuka walipata shilingi 1,200, yaani asilimia 25. Swali lililofuata, kuhusu gharama ya kutoa pesa kwenye simu iwapo wateja wote walilipa kwa M-Pesa, halina jibu kitabuni, na mtoto akiomba kuuona ujumbe wa muamala kwenye simu yako, tafadhali mwonyeshe makato tu na ufiche salio ukipenda.

Katika Kiswahili wanashughulikia nyimbo za watoto na bembelezi, hivyo msishangae mkiombwa kuimba. Katika Sanaa na Michezo wanajifunza kupokezana kijiti katika mbio, na filimbi zimeanza kusikika.

Lipo jambo moja linalonisikitisha, nami nitalisema wazi. Wazazi wameniambia kwamba katika shule nyingine watoto hurudi na orodha za vitu vya kununua: karatasi za rangi, chupa maalumu, viashirio vya dukani, hata picha za kuchapishwa katika saiba usiku wa saa mbili. Mzazi anayefanya kazi ya kibarua hawezi kuendelea hivyo kila wiki, na mtoto wake huja darasani akiwa ameinamisha kichwa kwa kosa lisilo lake. Mtaala hauhitaji hayo. Unahitaji mtoto achunguze, abashiri, apime na aeleze, na kwa mada hii ndimu moja inafanya kazi bora kuliko kifurushi cha bei ghali. Walimu wenzangu, kabla hatujatuma orodha tujiulize ni kipi kati ya vitu hivyo ambacho kila nyumba ya mtaa wetu tayari inacho.

Kwa wazazi watakaorudia majaribio haya nyumbani, nina onyo moja zito. Dawa ya kung'arisha nguo, ambayo wengi huiita kwa jina la Jik, isichanganywe kamwe na siki, ndimu wala dawa ya asidi ya kusafishia choo, kwa kuwa mchanganyiko huo hutoa gesi ya klorini inayoharibu mapafu, na bafu zetu nyingi hazina dirisha la maana. Vilevile mtoto asionje kitu chochote ili kujua kama ni asidi. Kiashirio kipo kwa kazi hiyo.

Ijumaa tutapima jivu. Ninaomba kila mwanafunzi alete kijiko kimoja tu cha jivu lililopoa, lililofungwa katika karatasi iliyoandikwa limetokana na nini: makaa, kuni za mkaratusi, mabua ya mahindi au maganda ya maharagwe. Wanaotumia gesi nyumbani waombe kwa muuza mahindi ya kuchoma, hatawanyima. Tunataka kujua ni jivu lipi lina besi yenye nguvu zaidi, na wanafunzi watahesabu matone ya ndimu yanayohitajika kulirudisha kila moja kwenye rangi ya zambarau, kisha watachora grafu ya matokeo katika kipindi cha Hisabati cha Jumatatu.