Programu ya kikoba niliyoichora kwanza kwenye daftari

Shangazi yangu ni mhazini wa kikoba cha akina mama 28 hapa Morogoro. Kila Jumapili alikuwa akirudi nyumbani na madaftari matatu, la hisa, la mikopo na la mfuko wa jamii, kisha anakesha na kikokotoo. Nikamwahidi programu ya kompyuta. Python, lugha ya kuandikia programu, nilikuwa naijua kiasi, lakini ile ya kuandika amri kwenye dirisha jeusi tu. Vitufe na menyu sikuwahi kuvigusa.

Video za mafunzo zilinimalizia bando kabla sijaelewa kitu. Baadaye ndipo nikagundua kwamba nyenzo nyingi zimo humo humo kwenye kompyuta. Ukisakinisha Python kwenye Windows, Tkinter ya kutengenezea madirisha inakuja nayo, na SQLite ya kutunzia kumbukumbu pia. Na IDLE, programu ile ya kuandikia msimbo (maandishi ya amri za programu), yenyewe imejengwa kwa Tkinter. Msimbo wake upo wazi katika folda ya Lib/idlelib. Nilinakili folda hiyo, nikafungua faili za kidirisha cha kutafutia maneno, nikawa nabadilisha namba moja moja nione nini kinasogea. Hakuna mwalimu aliyenifaa kuliko huyo.

Kilichonisumbua zaidi ni jambo dogo. Nilitaka neno "Imehifadhiwa" litokee kwa sekunde 3 kisha lipotee, nikatumia time.sleep(3), amri ya kuisimamisha programu kwa sekunde 3. Dirisha likastaki, na neno halikuonekana kabisa! Siku mbili nzima nilitafuta kosa. Kumbe dirisha huishi ndani ya mzunguko uitwao mainloop: ndio unaopokea mibofyo na kuchora upya kila kinachobadilika. Ukiusimamisha, hakuna kinachochorwa. Nilipoandika after(3000, ondoa), yaani baada ya milisekunde 3000 mzunguko wenyewe uite ondoa, kipande changu cha msimbo cha kufuta neno lile, mambo yakanyooka. Anayeanza leo ningemwambia auelewe mzunguko huo kabla ya kupamba rangi.

Nikampelekea shangazi. Alikaa kimya, mkono juu ya kipanya, akitafuta jina la mwanachama. Mimi nilipanga majina kwa alfabeti. Yeye anawajua kwa namba za vitabu vyao. Halafu akabofya "Futa" badala ya "Hifadhi", maana niliviweka bega kwa bega, na malipo ya mama mmoja yakapotea. Niliumia sana. Zile kanuni 10 za mwaka 1994 za Jakob Nielsen, mtaalamu wa kufanya programu ziwe rahisi kutumia, nilikuwa nimezisoma, zinasema wazi kwamba mtumiaji apewe njia ya kurudi alikotoka. Nilizisoma bila kuzisikia.

Basi nikazima kompyuta, tukakaa mkekani na daftari lake la hisa. Nikachora skrini kwa penseli, yeye akawa anagusa karatasi kwa kidole na kuniambia anatarajia nini. Visanduku vikafuata mpangilio wa safu za daftari lake. "Futa" ikahamia pembeni, ikapata jirani aitwaye "Rudisha". Maandishi nikayakuza hadi 14, na ile rangi ya kijivu niliyoipenda nikaitoa, kwa sababu alikuwa akikodoa macho.

Siku hizi hesabu anazifunga kabla ya magharibi. Wiki iliyopita ameomba sehemu ya faini za wachelewaji. Kitufe chake amekichora mwenyewe, nyuma ya stakabadhi.